Adhabu ya Kusema Muzuri

Mwaka 1964, wanawake sita waliokimbia vita kijijini Muheto walikuwa na kawaida yao pale Nyabiondo, walikopata hifadhi. Kila Alhamisi walikusanyika uani kwa Mama Godelieve, mwenyeji wa mlima ule, kuchambua maharagi. Sheria ilikuwa moja: ukiulizwa habari, marufuku kujibu "muzuri" kama si kweli. Ukidanganya, unachukua mtungi kwenda kijitoni, na mlima ule hauna huruma na magoti ya mtu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wanawake wale hawakutaka kungoja kilio.

Emérita alikuwa bingwa wa kuteka maji: Alhamisi tatu mfululizo alikuwa ameshachukua mtungi.

"Habari, dada?" aliuliza Mama Constance, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi.

"Muzuri."

"Mutungi! Ni ya ine sasa. Utakausha kijito, weye!"

Wakacheka. Emérita akacheka kidogo, akainua mtungi, akampita mwanawe mchanga Nyiramana, aliyekuwa mgongoni kwa Godelieve, bila hata kumgusa. Tangu wafike, miezi mitatu, hakuwa amembeba. Alimnyonyesha tu, akamrudisha upesi kama kitu cha kuazima. Na juzi, masikini, mtoto alimwita Godelieve "Mama", Emérita akisikia.

Aliporudi na maji, Constance hakucheka tena.

"Habari, Mama Théoneste?"

Jina hilo lilikuwa halijatajwa tangu Théoneste, mzaliwa wa kwanza wa Emérita, azikwe kando ya njia walipokuwa wakikimbia. Watu waliliepuka kwa huruma, na huruma yao ilimtesa kuliko maneno. Emérita aliketi chini.

"Mubaya," alisema. "Iko mubaya. Aliniomba, mama, unibebe. Nikamuambia, tembea, weye iko mwanaume. Miaka ine, mwanaume gani? Nyiramana alikuwa mugongoni. Akatembea siku mbili, kisha homa."

Hakuna aliyemwambia ni mapenzi ya Mungu. Mikono iliendelea kutenga mawe na maharagi, na hilo lenyewe lilimsaidia.

"Mimi nilifungua mbuzi, nikakimbia nazo," Constance alisema polepole. "Mama yangu alibaki ndani ya nyumba. Nilizani kaka amemubeba. Yeye naye alizani ni mimi."

Kisha Godelieve, ambaye hakukimbia popote ila aliwasikiliza wote, akasema, "Mugongo moja haibebake batoto babili, dada."

Emérita alilia hadi akachoka, Constance akimshika bega. Alikuwa amebeba neno lile peke yake mlima hadi mlima, na sasa lilikuwa na wabebaji saba. Alisema asante mara nyingi, hata wakamkataza.

Kisha akanyoosha mikono. "Munipe mutoto wangu."

Godelieve alifungua kitenge taratibu, akamfunga mtoto mgongoni kwa mamaye, akaingia ndani haraka asionekane akilia.

Hadi kwenye kibanda chao, Nyiramana alilia njia nzima akimtaka Godelieve, akampiga mama yake mateke ya mbavu. Emérita alishukuru kwa kila teke.