Siku Walipokataa Kumtoa Keziah

Onora Kissane alikuwa amezamisha mikono hadi viwikoni katika pipa la maji ya magadi aliposikia sauti ya Bwana Harcombe langoni. Hakuhitaji kugeuka. Ukishamfulia mtu, ukampikia, ukamsikia akikohoa nje ya mlango wa jikoni mkewe akiwa kanisani, sauti yake huwezi kuisahau hata ukitaka. Mikono ikasimama palepale ndani ya maji.

"Ni yeye?" aliuliza Dorcas Tunnard, aliyekuwa akikamua shuka upande wa pili wa pipa.

"Ndiye."

"Kafuata nini?"

"Anachokifuata siku zote. Mtumishi."

Dorcas alitema mate kando. Alikuwa Mwingereza wa Lincoln, mwanamke mpana mwenye mdomo mchafu, na Onora alikuwa Mwairishi wa Clare aliyelelewa kwa tasbihi. Nje ya kuta zile wasingesalimiana. Humo ndani walikuwa shuka moja, kila mmoja na ncha yake.

Mahali penyewe paliitwa Kiwanda, jina zuri kwa gereza. Kilijengwa bondeni, chini ya mlima ambao theluji yake ilikawia kuyeyuka, na jua lilichungulia uwanjani mchana tu, kama mgeni asiyetaka kukaa. Wanawake wafungwa waliohamishiwa Kisiwa cha Van Diemen, koloni la Waingereza kusini mwa Australia, kutoka Uingereza na Ireland walishushwa hapo, na walowezi wakaja kujichagulia watumishi. Kosa la Onora lilikuwa kondoo. Wakala wa mwenye ardhi alibomoa nyumba ya baba yake huku mzee mwenyewe amelazwa nje akitapika damu, na wiki ile ile Onora alichinja kondoo wa wakala akawalisha wadogo zake. Hakimu alimwambia ana bahati hakunyongwa.

Akapangiwa shamba la Harcombe. Yaliyompata huko hakuyasimulia kwa mtu ila Dorcas, tena kwa maneno machache. Tumbo lilipoanza kuonekana, Harcombe mwenyewe alimpakia mkokoteni na kumrudisha mjini kama chungu kilichopasuka. Hakimu wa koloni, ambaye kila Jumamosi aliwinda kangaruu pamoja na Harcombe, alimuuliza mwenye mimba ni nani. Onora akamtaja. Akaongezewa kifungo kwa kumsingizia muungwana, akatupwa kwenye kundi la wafungwa wa adhabu, na mgongoni mwa gauni lake ikashonwa herufi kubwa ya manjano ili ajulikane hata kwa mbali.

Mtoto wake alimwita Sabina. Alimnyonyesha mpaka wakubwa walipoamua kwamba amenyonya vya kutosha, kisha akachukuliwa kwenye chumba cha watoto, nyuma ya mlango wa mbao nzito uliotazamana na mapipa ya kufulia. Mama aliruhusiwa kuingia Jumapili, kwa muda mfupi, kama hakuna aliyemshtaki kwa utovu wa adabu. Siku nyingine zote alifua nguo za maofisa huku akisikia kilio na kujaribu kukisia ni cha nani. Watoto walilazwa wanne wanne, wakilishwa mkate uliolowekwa kwenye maji na maziwa yaliyoharibika. Majira yale ya baridi walikuwa wakitolewa mmoja baada ya mwingine, wamefunikwa kwa gunia. Jabez, mtoto wa Dorcas, alitolewa hivyo. Daktari alisema ameuawa na meno.

"Meno yenyewe hakuwa nayo," Dorcas alisema siku ile, na hakulia mbele yao.

Sasa nyapara, mwanamke aliyewasimamia kazini, alipiga makofi. "Acheni kazi. Pangeni mstari. Wa meli mpya mbele."

Wakapanga mstari, mikono ikivuja maji. Msimamizi Mottram aliingia na mgeni wake, wakipita mbele ya wanawake kama watu wanaotazama maboga. Harcombe alikuwa amenenepa kidogo. Buti zake zilikuwa safi. Macho yake yalipita juu ya Onora yasitulie, na hilo lilimchoma kuliko tusi.

"Nataka aliye mnyenyekevu," Harcombe alisema. "Wa mwisho alikuwa mkorofi."

"Hawa wa meli mpya bado hawajaharibika," alijibu Mottram.

Harcombe alisimama mbele ya msichana mmoja, Keziah Rudge, mdogo wa mwili, mashavu yake bado ya kitoto, aliyeiba vijiko vya bibi aliyemtumikia huko Norfolk.

"Unajua kukamua ng'ombe?"

"Ndiyo, bwana."

"Unapenda shamba?"

"Sana, bwana. Nimekulia shambani." Na Keziah akamtabasamia kwa shukrani, kama mtu aliyeokolewa majini.

Kwa muda mrefu Onora alikuwa amebeba aibu ya jambo lile kana kwamba ni yeye aliyelitenda. Usiku aliinama nayo, mchana aliinama nayo juu ya pipa. Lakini alipoliona tabasamu lile alilikumbuka. Lilikuwa lake. Yeye naye alisimama hapa, akamshukuru mtu huyuhuyu kwa kumtoa humu. Aibu ikamtoka mara moja, na kilichobaki kilikuwa hasira, nzima na ya moto, na aliishangaa jinsi ilivyomnyoosha mgongo.

Akatoka kwenye mstari.

"Keziah," alisema. "Usiende na huyo."

"Rudi mahali pako, Kissane," alisema Mottram.

"Nitarudi. Keziah, mdogo wangu, nisikilize. Mimi nilikuwa kwake kabla yako. Mtoto wangu yumo nyuma ya mlango ule. Ni wake."

Harcombe alimgeukia Mottram, si Onora. "Mwanamke huyu simjui."

"Hunijui?" Onora aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Mwaka mzima nimekupikia hunijui? Sawa. Basi na mimi sikujui, wala kovu la kuungua lililo juu ya goti lako la kushoto silijui, pale ulipojimwagia lami ukiwa mtoto. Sijui nani alinihadithia."

Mahali fulani mstarini mtu alicheka. Dorcas akadaka hapohapo.

"Bwana Mottram, si jambo gumu hilo. Mwambie mgeni wako apandishe suruali tumalize ubishi. Sisi ni watu wazima, hatutashtuka."

Kicheko kikaenea mstari mzima, kicheko cha wanawake ambao hawakuwa wamecheka tangu theluji ianze. Uso wa Harcombe ukaiva. Ndipo Keziah alipoona. Hakuhitaji suruali ipandishwe; uso ulitosha. Tabasamu lilimkauka, akarudi hatua nyuma mpaka mgongo wake ukagusa wenzake.

"Nyapara," alisema Mottram, "mpeleke Kissane kwenye chumba cha giza. Na nywele zikatwe. Rudge, chukua vitu vyako, mkokoteni unasubiri."

Keziah hakuondoka. Alimtazama Onora kwa macho ya mtu anayeulizwa swali lililo kubwa kumzidi. "Nikikataa watanifanya nini?" aliuliza.

Onora angeweza kudanganya. "Watakukata nywele. Watakufungia gizani ule mkate na maji. Watakushonea hii iliyo mgongoni kwangu."

"Na nikienda?"

"Nimeshakwambia."

Msichana alimgeukia Mottram. "Siendi, bwana," alimwambia, akakaa chini, kwenye mawe yenye maji.

Dorcas alikaa karibu naye. Onora akakaa. Kisha wakakaa wote, safu kwa safu, wakamzunguka yule msichana, na nyapara aliyekuja kumvuta hakupata pa kukanyaga. Mwanamke mmoja akaanza kupiga pipa kwa ubao wa kufulia. Wengine wakamfuata. Zile kuta za mawe zilizojengwa ili kelele zisitoke zilizirudisha kelele zile maradufu, mpaka farasi wa Harcombe huko nje wakaanza kuruka. Harcombe alisema neno ambalo hakuna aliyelisikia. Akaondoka, na buti zake hazikuwa safi tena.

Mottram alimfuata mbio kwenda kuita polisi. Lango likafungwa kwa nje.

Kelele zilipopungua, ndipo walipowasikia watoto. Wote walikuwa wameamka, wanalia kwa pamoja nyuma ya mlango wa mbao.

Dorcas alisimama. Alishika mwisho mmoja wa benchi la kukamulia nguo, akawaangalia wenzake, na Onora akashika upande wa pili. Nyapara alisimama mbele ya mlango amenyoosha mikono.

"Mtanyongwa nyinyi."

"Sogea, mama," Dorcas alimwambia, karibu kwa upole. "Wangu ameshakufa. Sina cha kuogopa na sitaki kukuumiza."

Nyapara alisogea. Benchi likapiga, likapiga tena, kitasa kikang'oka.

Harufu iliwapokea kabla ya macho kuzoea giza: mikojo, maziwa yaliyochacha, na kitu kingine ambacho kila mmoja alikijua na hakuna aliyekitaja. Walikuwa wamelala wamebanana, wamelowa, baadhi yao wamechoka hata kulia. Onora alipita kitanda baada ya kitanda na hakumwona mtoto wake, na kwa muda mbaya sana alidhani gunia la juzi lilikuwa la Sabina. Kisha akamwona. Alimpita mara ya kwanza kwa sababu alikuwa amekonda, sura imebadilika. Alipomnyanyua, mikono yake, iliyozoea uzito wa mashuka yaliyolowa, ilimpandisha juu kupita kiasi, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Mungu wangu," alisema Onora. "Wamekufanya nini." Halikuwa swali, wala halikuwa sala.

Waliwatoa wote nje. Kipande cha jua kilikuwa kimefika uwanjani, wakakaa humo na watoto mapajani, waliozaa na wasiozaa. Waliwafuta kwa mashuka safi ya maofisa. Wakatafuna mikate yao ya mchana wakawalisha kwa vidole. Dorcas alimbeba mtoto ambaye mama yake alikuwa kwenye chumba cha giza, akamwimbia wimbo wa matusi kwa sauti laini sana. Keziah alikuwa na wawili. Sabina alishika kidole cha mama yake akakinyonya, chumvi ya magadi na yote, na hakukiacha.

Polisi walipofika na virungu, walikuta hakuna mtu wa kupiga. Sajenti wao alisimama akatazama, kisha akatazama mlango uliovunjika na mle ndani. Alitoka amefunika pua.

"Mkabidhini nyapara watoto," alisema.

"Njoo umchukue mwenyewe," Onora alimjibu. "Mshike. Mpime uzito, kisha uniambie nimrudishe mule."

Hakumchukua. Wala hakuwasaidia, alikaa kwenye ngazi akasubiri, na jua lilipohama na watoto kuanza kutetemeka, wanawake wenyewe ndio waliowarudisha ndani, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuwaweka. Hapo Dorcas alilia. Kisha polisi wakafanya kazi waliyoijia.

Walimkata Onora nywele kwa mkasi wa kondoo. Keziah alikatwa pia, na Dorcas, na wengine. Chumba cha giza kilikuwa chembamba kiasi kwamba magoti yalinyooka kwa zamu. Watu wakubwa walikuja kuchunguza, wakaandika kwamba wanawake wa Kiwanda wamepotoka tabia kabisa. Lakini kwa kuwa sajenti alisema mjini alichokiona, na watu wakaanza kuulizana, ng'ombe wa maziwa aliletwa, dirisha likatobolewa kwenye chumba cha watoto, na magunia yakapungua. Yakapungua tu. Hayakwisha. Na Harcombe alipata mtumishi mwingine, kutoka gereza la kaskazini, ambako hakuna aliyekuwa ameonywa. Onora alipoambiwa hilo gizani alipiga ukuta kwa ngumi hadi ikatoka damu.

Siku ya kutolewa chumba cha giza alipelekwa mbele ya Mottram, macho yakimwuma kwa mwanga.

"Unataka kumwona mtoto Jumapili?" Mottram aliuliza. "Basi sema unajuta."

Onora alimtazama. Wahenga walisema hasira ni hasara, lakini wahenga hao hawakuwahi kufua nguo za Mottram.

"Najuta," alisema.

Mottram aliridhika, na hakuuliza anajuta nini. Angeuliza, Onora angemwambia: anajuta kwamba Harcombe alisimama karibu naye kiasi cha kufikiwa na mkono, na yeye akatumia maneno.

Sabina aliishi. Onora alipomaliza kifungo chake alimchukua, akafungua chumba cha kufulia nguo karibu na bandari pamoja na Dorcas, na kwa miaka mingi watu wa mji waliwaletea nguo zao huku wakijifanya hawajui wametoka wapi. Harcombe alifanywa mzee wa kanisa. Siku moja Sabina, akiwa amefikia umri wa kuuliza, alimuuliza mama yake baba yake ni nani. Walikuwa sokoni, kati ya wauza samaki na wake za maofisa, na Dorcas akamkanyaga Onora mguu kumwashiria angoje wafike nyumbani.

Onora hakungoja. Alilitaja jina zima, la mtu na la ukoo na la shamba, kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaendelea kuchagua viazi.