Mgumu wa Timu ya Nyundo

Habari ile niliipata sokoni Mwigobero, nikinunua dagaa. Kwamba Mwikwabe wa timu ya Nyundo alimng'oa mtu meno mawili kule Bunda, akayaokota, akamtia mkononi na kumwambia, "Shika mali yako." Nilirudi nayo nyumbani Kamunyonge. Nikaosha nayo vyombo. Jumapili mchungaji anahubiri, mimi naona meno.

Angekuwa Mwikwabe wa watu wengine ningecheka. Lakini wazee wake walikuwa wameshatoka Butiama kuja kwetu kumposa Wegesa, binti yangu wa kwanza. Wakala, wakanywa, wakaambiwa wakangoje jibu. Baba Wegesa alisema yeye hana neno, nimebaki mimi. Na mimi kila nikitaka kukubali naufikiria ule mkono. Mkono wa kung'oa meno ndio ukakae nyumba moja na mwanangu?

Naandika haya kwa ajili yako mama mwenzangu mwenye binti wa kuposwa, usije ukachunguza kwa njia niliyochunguza mimi.

Nyundo ilikuwaga timu ya mpira wa kikapu ya mafundi wa karakana moja pale mjini Musoma. Refa akipangiwa mechi yao, anaugua malaria. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zimeanza kurudi madukani, na watu wameanza kuvaa mitumba, lakini Nyundo walicheza vifua wazi, maana jezi zao zilishaisha kwa kuvutana. Hilo nililijua, ila sikulitia maanani.

Nikarudi kwa Eufrasia, yule muuza dagaa, nikamuuliza kama Mwikwabe ni mkali kweli. Kumbe nimechokoza nyuki.

"Mkali ni Alfonce, kapteni wao," Eufrasia akasema. "Kile kiwiko chake ni mwiko wa ugali wa msibani. Kikikupitia unakaa chini mwenyewe, hujaambiwa."

Jirani yake, Felisiani fundi baiskeli, akaacha tairi. "Dada, wewe pima dagaa, mpira tuachie sisi. Mgumu ni Pastory. Alivunjika kidole, akakifunga na njiti ya mwavuli, akaendelea kucheza. Na alikuwa anafunga."

"Huyo ni mgumu wa kuumia. Mimi nasema mgumu wa kuumiza."

"Kuumiza hata ng'ombe anaumiza."

"Ndiyo maana wewe unamkimbiaga ng'ombe."

"Na Mwikwabe je?" nikachomekea.

Wakatazamana. Felisiani akafuta mikono kwenye suruali. "Mwikwabe huwa tunamweka kando," akasema, kama anataja ugonjwa. "Tukimwingiza, ubishi unakuwa umeisha, na sisi hapa tutaongea nini? Jumamosi wanacheza Bunda. Kuna lori la pamba linapeleka mashabiki. Panda ukaone mwenyewe, mama Wegesa."

Sasa kwetu mama na mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, wala si ugomvi. Mimi nikajipigia hesabu yangu: ng'ombe hawajafika, kwa hiyo huyu bado ni kijana wa watu tu, naweza kumwangalia kama ninavyoangalia kijana yeyote. Nikamwambia Wegesa naenda kumwona shangazi yake Bunda. Nikajifunika khanga hadi usoni, nikapanda lori. Njia nzima Felisiani na wenzake walibishana, Alfonce, Pastory, Alfonce, Pastory, mpaka dereva akasimamisha gari kuwaomba wapumzike.

Kiwanja kilikuwa cha saruji, kimepasukapasuka, kuna nguzo mbili zenye pete. Watu wamejaa pembeni. Nikapata nafasi nyuma ya nguzo moja, chini, palipokuwa na kivuli. Nikashangaa kwa nini watu hawakai pale.

Mpira ukaanza. Mwikwabe nikamjua mara moja, mrefu, kifua wazi, kaptula fupi. Akaunyakua mpira, akasukuma mtu wa kwanza, akasukuma wa pili, akaja moja kwa moja kwenye ile nguzo yangu. Akaruka. Akiwa bado hewani akaniona.

Khanga yangu ilikuwa imenidondoka mabegani.

Sijawahi kuona mtu akishuka vile. Mpira ukaenda kwake na yeye akaenda kwake. Akaangukia magoti, akajikumbatia kifua kwa mikono yote miwili kama msichana aliyekutwa anaoga mtoni, akageuka, akakimbia mpaka mwisho wa kiwanja. Akasimama kule, katupa mgongo.

"Mwikwabe, una nini?" Alfonce akapaza sauti. "Njoo huku tushambulie."

"Siwezi kuja huko."

"Umeumia?"

"Bora ningeumia."

Wale wa Bunda wakaona mwanya. Wakafunga, wakafunga tena. Kila Nyundo wakipata mpira wanaenda mbele pungufu, maana mgumu wao amebaki nyuma anaangalia mahindi ya watu. Mashabiki wakaanza kuuliza. Felisiani akamtazama Mwikwabe, akanitazama mimi, akajishika kichwa. Akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Mama Wegesa, yule ni nani yako?"

"Si mtu wangu. Ng'ombe bado."

"Kwako bado. Yeye kwake ulishakuwa mama mkwe tangu wazee wake wameonja pombe yenu. Tunakuomba, hama."

Nikahama. Nikazunguka kiwanja chote nimeinamisha kichwa, watu wananipisha kama maiti inapita, nikaenda kukaa nyuma ya ile nguzo nyingine. Mwikwabe aliponiona nakuja akatimkia upande niliotoka, na huko akawa mtu mwingine. Akafunga, akapangua, akamkalisha mtu chini. Nikajisemea, basi, nimewasaidia.

Refa akapiga filimbi ya mapumziko. Waliporudi, wakabadilishana magoli. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mpira wa kikapu wanabadilishana magoli. Nikainua macho, naona Nyundo wote wanakuja kushambulia kwangu, na Mwikwabe anarudi nyuma taratibu, mikono kifuani.

Bunda nzima ilikuwa imeshajua. "Mama mkwe baki hapohapo," wakawa wanaimba. "Mletee kiti." Na kweli mtu akaniletea kiti.

Nikainuka nikaenda kukaa nyuma ya lori, nisimuone mtu wala kuonekana. Huko nyuma nikasikia kelele za Nyundo zikirudi, moja baada ya nyingine.

Akaja kijana kukojoa, akaniona, akaahirisha. Akanisalimia, nikaona pengo, meno mawili ya mbele hayapo.

"Wewe ndiye uliyetolewa meno?"

"Ndiye mimi, mama. Matiko."

"Na Mwikwabe?"

"Na Mwikwabe." Akachuchumaa. "Sikudanganyi eti kwa sababu ni mkweo. Alinisukuma, na alikusudia kunisukuma. Ila na mimi nilikuwa nimemtegea mguu. Nikaenda na mdomo kwenye nguzo. Yeye ndiye aliyetoka mchezoni, akanibeba mgongoni mpaka hospitali. Njiani akakumbuka meno, akarudi, akayatafuta kwenye vumbi, akaniletea kwenye leso. Akaniambia, shika mali yako, labda daktari anaweza kuyarudisha."

"Akayarudisha?"

"Daktari alicheka tu. Lakini Mwikwabe alikuja kila wiki kutoka Musoma, ananiletea uji wa mtama kwa sababu sikuweza kutafuna. Siku hizi akija Bunda analalaga kwetu. Mama yangu anampenda kuliko mimi."

"Nyumbani kwenu ameshamsukuma mtu?"

"Nyumbani kwetu anachota maji."

Nyundo wakashinda, kwa shida. Kwenye lori la kurudi mimi nilikaa mbele na dereva, na Mwikwabe akakataa kupanda, akabaki kulala kwa akina Matiko. Nyuma kule ubishi ulikuwa umeanza upya. "Mgumu gani anakimbia mwanamke aliyekaa?" Felisiani anasema. "Nimemtoa kwenye orodha." Mwingine akamjibu, "Mgumu ni yule mama. Amewashika Nyundo kipindi kizima na hajagusa mpira."

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba Wegesa awaite wazee wa Butiama. Akaniuliza shangazi hajambo. Nikasema hajambo.

Siku ya pili yake Wegesa akaja jikoni, anajikaza asicheke. "Mama, Mwikwabe anaomba msamaha kwa ajili ya kifua."

"Mwambie sikuona kifua."

"Uliona nini?"

"Niliona mpira. Koroga uji huo."

Basi, mama mwenzangu, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiulize sokoni tabia ya kijana. Sokoni watakwambia kiwiko.

Usihesabu ukwe kwa ng'ombe. Wazee wakishaonja kwako, yule ni mkweo.

Usiende kwenye mchezo anaocheza mkweo, hasa kama hawana jezi.

Ukienda, usikae nyuma ya nguzo, hata kama pana kivuli.

Usihame upande kabla hujauliza kama wanabadilishana magoli.

Usikatae posa kabla hujamwona aliyeumizwa na kumsikiliza.

Usimtaje shangazi ambaye hukwenda kumwona. Anaweza kuja Jumatatu.