Mgongo wa Bwana Ubao

Jina lake halisi la Kizungu lilikuwa refu mno, basi wafanyakazi wa shamba lake la kahawa huko Lemara walimwita Bwana Ubao, maana mgongo wake haukupinda wala kugeuka. Akipiga mpira wa gofu kwenye kiwanja alichojitengenezea kando ya mibuni, aligeuka mzimamzima, na mpira ukaishia vichakani. Sumari, mkata majani, ndiye aliyetumwa kuutafuta. Alijifunza kucheka bila kutoa sauti.

Kosa lake lilikuwa huruma. Siku mgongo ulipokwama fimbo ikiwa bado juu, Sumari alimlaza Bwana kwenye nyasi akamkanda kama mama yake alivyokuwa akiwakanda wachuma kahawa. Tangu siku hiyo Bwana alitaka kukandwa kila siku, wala hakumruhusu Sumari kwenda nyumbani Kikwe. Alikitia mfukoni mwake kipande cha Sumari, kadi ya siku zake za kazi, na aliyeondoka bila kipande kusainiwa alihesabiwa mtoro, akafungwa.

Wiki sita zikapita. Jumapili iliyofuata Hanna, binti wa Sumari, alikuwa apate kipaimara kanisani, naye alimtuma Lemburis, muuza maziwa: “Mwambie baba asipokuja, sitatoka mbele.”

Sumari akaona njia. Bwana akiweza kuulainisha mgongo mwenyewe, atakuwa na haja gani naye? Akamfundisha: mpini wa jembe mabegani, mikono juu yake, geuka taratibu kushoto, pumua, kisha kulia.

“Mabega tu, Bwana. Miguu isibanduke.”

Kufikia Ijumaa Bwana aligeuka kama mlango uliotiwa mafuta, na mpira ulikwenda mbali hata akapiga kelele za furaha.

Jumamosi Sumari alivua kofia barazani. “Bwana sasa anaweza peke yake. Naomba kipande changu. Kesho mwanangu anapata kipaimara.”

“Kesho?” Bwana alicheka, akamshika bega kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililouma zaidi. “Kesho wewe hapana kwenda. Mimi nimeambia rafiki yangu yote.”

Jumapili saa nne, saa ya Hanna kuitwa mbele, Wazungu saba walijipanga kwenye nyasi, kila mmoja na mpini mabegani, wakimsubiri Sumari. Aligeuza uso upande wa Kikwe, akatamani kukimbia, akaukumbuka mfuko wa Bwana.

“Miguu isibanduke,” aliwaambia, huku machozi yakimtoka.