Kadi Ndani ya Fundo la Kitenge

Kadi ya Étienne ilikuwa imefungwa kwenye fundo la ncha ya kitenge, iliyochomekwa kiunoni, na Bernardine aliisikia kama kaa la moto.

Jana jioni Étienne, mwenzake wa kazini, alimpitia nyumbani. "Mama Bernardine, bureau ya kazi imenipa siku moja tu ya kumlilia dada yangu, na matanga hayajaisha. Kesho unipitishie kadi, mashine ione niko."

Angekataaje? Alipofiwa na mumewe, Étienne alilala nje kwake juma zima, akipasua kuni za wafiwa. Asubuhi akaigusisha kadi ile kwenye mlango wa depo ya dawa, hapa Kalundu, akabonyeza kode, namba yake ya siri, taa ikawaka kijani. Akagusisha na ya kwake, akaingia kufagia.

Sasa karito mbili, katoni nzima za dawa za malaria, hazionekani, na Madame Nicole, mkubwa wa depo, amewakusanya wote.

"Mashine inasema Étienne aliingia wa kwanza, saa kumi na mbili na nusu."

"Étienne si iko kwa matanga Kavimvira?" Firmin, mpakizi, akadakia. "Ao marehemu ndiye alikuja kubeba karito?"

Wengine wakacheka. Madame hakucheka, akachukua simu yake mezani. "Kadi haibishani na mtu. Naita polisi wamfuate hukohuko."

Bernardine akawaona akilini askari wakikanyaga mikeka ya wafiwa, Étienne akiburutwa mbele ya mama yake mzee. Kisha akaiona kazi yake ikipotea, na watoto watatu nyumbani. Bwana, nishike mkono, akaomba kimoyomoyo. Akaichomoa ncha ya kitenge kiunoni, fundo likakataa vidole. Akalifungua kwa meno.

"Madame, ngoja. Ni miye." Akaiweka kadi mezani.

"Weye? Mama wa maombi?"

"Nilimpitishia. Karito sikugusa. Mungu ananiona."

"Mungu anakuona, mashine haikuoni. Kode yake ulipata wapi?"

"Ni mwaka aliozaliwa mtoto wake. Sisi wote tunaijua." Bernardine akaitazama kalenda ya ukutani. "Ya Firmin pia tunaijua. Na ya kwenu, Madame, iko imeandikwa nyuma ya kalenda. Kila siku napanguta vumbi pale."

Safari hii hakucheka mtu. Madame Nicole akaigeukia kalenda, akairudisha simu mezani polepole.

"Kumbe yeyote humu angeweza kuingia kwa jina la mwingine. Firmin, funga mlango. Asitoke mtu."

Bernardine akabaki amesimama, ncha ya kitenge ingali imelowa mate mkononi mwake, asijue kama yeye ndiye ataulizwa wa kwanza.