Nyemo Hafi

Mimi sina subira, na sioni kwa nini nilifiche jambo ambalo soko zima la Majengo wanalijua. Nauza mchele na maharage. Mteja akianza "Naomba...", mimi nimeshampimia, na mara nyingi napatia. Wanaosema subira huvuta heri sijawahi kuwaona na heri yoyote mikononi.

Sasa mtu kama mimi ndiye akapewa mgonjwa wa kiharusi.

Baba yangu, Mzee Bartolomayo, alianguka shambani kwetu Zuzu akipalilia uwele. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, ulimi ukabaki nyuma. Nikamleta Chang'ombe akae na mimi na binti yangu Frida, anayesoma chuo. Mwanzoni alijitahidi. Alikuwa akianza, "Nile... nilete...", na mimi nimeshaleta: maji, chai, redio, fimbo, shuka. Alikuwa akipokea chochote nilichomletea na kunitazama. Halafu akaacha kabisa. Akitaka kitu anakiangalia, nami nakichukua, na hapo mazungumzo yetu yameisha.

Kijana anayefundisha wagonjwa kusema pale hospitali alitueleza bila kuzungusha. "Maneno yapo kichwani mwake, mama. Lakini asipoyatumia miezi hii ya mwanzo, yatazidi kuwa mbali naye."

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya kijiwe cha bodaboda, mpaka vijana wakaniuliza nani kafa. Niliwajibu vibaya, lakini swali lao halikuwa baya. Maana huyu baba yangu, kabla hawajazaliwa wao, ndiye alikuwa mdomo wa mji huu.

Zamani hizo kulikuwa na Sinema ya Nyota, karibu na reli. Filamu zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya makopo ya bati, na nyingi zilikuwa za Kihindi. Watu walizipenda, ila walitoka na maswali mengi kuliko waliyoingia nayo. Mwenye sinema, Mhindi mmoja mcheshi, akaona amweke baba kwenye kiti chini ya ukuta wa picha, na kipaza sauti mkononi, awe mkalimani. Baba hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Mwenye sinema alimsimulia filamu mara moja tu, mchana, wakila bajia, na usiku baba akaingia kazini. Aliyoyasahau aliyajaza mwenyewe. Watu wote wa kwenye filamu aliwapa majina ya kwetu, wakawa wana ng'ombe wa kwetu na wajomba wa kwetu. Ukienda chooni ukarudi, ungedhani Bombay iko mahali fulani baada ya Mpwapwa.

Na alijua kunyamaza. Angefika katikati ya sentensi, pale pabaya kabisa, akakaa kimya hadi ukasikia mashine ya picha inavyozunguka kule nyuma. Ukumbi mzima umeshika pumzi. Sheria ilikuwa moja tu: mkalimani hamaliziwi neno. Ukimmalizia, Wilbert mlinda mlango anakumulika usoni na tochi. Ukirudia, anakutoa nje, hata uwe na cheo gani.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya binti aliyesingiziwa wizi. Baba alimwita Nyemo, yaani furaha kwa Kigogo. Tajiri mmoja anamsingizia kaiba dhahabu, mzazi wake anamfukuza nyumbani, binti wa watu anahangaika huku na huku. Baadaye mzazi anaujua ukweli, anamtafuta mpaka anamkuta kwenye benchi la stesheni, mvua ikinyesha. Stesheni hiyo baba aliiita Gulwe, kama ile ya kwetu. Tajiri alimfanya mtu wa Kongwa aliyetajirika kwa kilimo cha karanga, na hapo watu walicheka hadi kukohoa, maana kila mtu alijua karanga za Kongwa hazikumtajirisha mtu.

Mwishoni mzazi anambeba Nyemo mikononi, macho yamefumba, treni inaondoka. Ndipo baba anasema taratibu: "Kalala tu. Safari ilikuwa ndefu. Akiamka, atakuta uji umeiva."

Maneno hayo yakawa ya mji. Akina mama waliwabembelezea watoto. Mama yangu alipofariki, baba aliinama kaburini akayasema hayo hayo, nikaona watu wazima na akili zao wanalia bila kujifuta. Mimi mwenyewe nimebatizwa Yudith, lakini nyumbani naitwa Nyemo, kwa ajili ya msichana huyo wa Kihindi. Furaha! Waliponipa jina hilo hasira zangu zilikuwa hazijaota meno.

Basi jioni moja Frida akaja mbio jikoni na simu yake. "Mama, nimeipata ile movie ya babu! Iko full, na chini kuna maandishi ya Kiingereza."

"Umeiangalia?"

"Mwanzo tu. Nataka tuione wote."

Nikamtazama baba kule kibarazani, amekaa na ukimya wake kama mtu anayelinda mzigo wa mwenzake. Nikasema moyoni, kama kuna mahali maneno yake yamejificha, ni ndani ya filamu hiyo.

Lakini sikutaka aione kwenye simu. Jengo la Sinema ya Nyota bado lipo. Alilinunua Elisante, akaweka mashine ya kukamua alizeti. Nikamfuata, nikamweleza, na kwa kuwa nilieleza kwa sauti ya juu akakubali upesi.

"Njooni Jumapili mchana," alisema. "Jumapili sikamui, mimi ni mzee wa kanisa. Ukumbi hauna madirisha, giza lipo la kutosha. Ila mtakalia magunia ya mashudu."

Frida akaazima projekta na kipaza sauti kwa wanakwaya wenzake. Mimi nikatangaza sokoni. Nilitegemea wazee kumi wenye magoti mabovu. Jumapili ilipofika, magunia hayakutosha. Walitoka Kizota, walitoka Makole, wengine wamevaa suti za harusi za watoto wao. Bibi mmoja alikuja na karanga zake kwenye khanga, maana sinema bila karanga, alisema, ni mkutano tu. Harufu ya alizeti ilikuwa imeshika kila kitu, lakini ule mraba mweupe waliokuwa wanarushia picha ulikuwa bado upo ukutani.

Mzee Wilbert aliingia mwisho, fimbo mkono mmoja, tochi mkono mwingine. Akaenda moja kwa moja kwa baba.

"Mbukwa, Bartolomayo," alimsalimia kwa Kigogo.

Baba akamshika mkono, akautikisa sana. Hakujibu. Wilbert akarudi mlangoni, akasimama pale pale alipokuwa akisimama ujanani, ingawa siku hiyo hapakuwa na wa kumzuia.

Nikamketisha baba kwenye kiti, nikamwekea kipaza sauti mapajani. Alikitazama kidogo, akakishusha sakafuni, akakisukuma kwa mguu hadi kwa Frida. Iliniuma. Ikabidi Frida akichukue, awe anasoma yale maandishi na kuyaleta kwa Kiswahili.

Haikuchukua muda kukawa na ghasia.

"Huyu anaitwa Sarita," Frida alisema.

"Sarita wa wapi?" bibi wa karanga akauliza. "Huyo ni Nyemo!"

"Na huyu ni wakili kutoka mjini."

"Wakili! Mtu wa Kongwa huyo, tunamjua sisi!"

"Wazee wangu, shikamooni tena," Frida alisema, naye alikuwa ameanza kucheka. "Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi aliyeandika hakuwepo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa sitazami ukuta, namtazama baba. Wakikosoa majina, mdomo wake unacheza. Treni ilipoingia stesheni, mzee mmoja akapiga kelele "Gulwe!" na wote wakaitikia, nikaona vidole vya baba vinagonga goti. Lakini sauti haikutoka. Filamu ikawa inakwenda ukingoni, nami nikaanza kukasirika, na nikikasirika ujue nimeogopa. Niliona saa ile ikipita bure, basi tena, baba yangu ndio nimempoteza akiwa amekaa mbele yangu.

Mvua ikanyesha ukutani. Mzazi akapiga magoti kwenye benchi. Frida alisoma, kisha akasita, sauti ikamshuka.

"Anasema... 'Nimechelewa. Mwanangu amekufa.'"

"Ati nini?" bibi wa karanga akauliza.

Zaidi ya miaka arobaini tumemlaza Nyemo usingizi, tumewalaza watoto wetu pamoja naye, na leo tunaambiwa tulikuwa tunatazama maiti. Mimi mwenye jina lake nikageuka kwa baba kuuliza, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa amesimama.

"Si... siyo," alisema.

Frida akasimamisha picha. Nyemo akabaki ukutani, macho yamefumba, mikononi mwa mzazi wake. Baba akanyoosha mkono wake mzima, akapokea kipaza sauti, akakisogeza mdomoni vile vile nilivyokuwa nikimwona utotoni.

"Ka... kalala."

Hakuna aliyesogea.

"Kalala... tu. Safari... i... ilikuwa ndefu."

Machozi yakanitoka, nikayaacha yashuke.

"Aki... amka," alisema baba. "Akiamka... ata... atakuta..."

Akakwama. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mdomo ulifunguka ukafunga, ukafunguka tena. Watu wote mle ndani walikuwa na neno lililobaki. Nilikuwa nalo mimi kwenye ncha ya ulimi, dogo, jepesi, na baba yangu anahangaika nalo kama mtu anayevuta ng'ombe kwenye tope. Ningewezaje kukaa tu?

"Uj..." nikaanza.

Mwanga ukanipiga machoni.

"We Yudith!" Mzee Wilbert alifoka kutoka mlangoni, tochi imenielekea. "Mkalimani hamaliziwi neno!"

Nikafunga mdomo. Nikaweka na mkono juu yake. Feni ya projekta ilikuwa ikivuma, mtu alikohoa mbali, mashudu yakanikwaruza miguuni. Watu wote walingoja. Hawakungoja kwa huruma, walingoja kama zamani, wameinamia mbele, kwa sababu walitaka kusikia. Baba aliwatazama, gunia hadi gunia, na nikaona mabega yake yanashuka, pumzi inamrudia.

"Atakuta," alisema, "tuna... tunamngoja."

Haukuwa uji. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno hilo mdomoni. Ningempa uji angeupokea, kama alivyopokea maji na chai na redio na shuka, na hili neno lingebaki humo ndani milele. Bibi wa karanga alipiga kigelegele, na ukumbi mzima ukaitikia "Amkaaa!" kwa nguvu hadi vumbi la alizeti likadondoka kwenye mabati. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wilbert akazima tochi, akajifuta macho kwa kofia.

Tulirudi kwa miguu, baba alitaka iwe hivyo. Frida alibaki kukusanya vyombo vya kwaya. Tulipofika karibu na reli nikashindwa kujizuia.

"Baba, kumbe siku zote ulijua Nyemo alikufa?"

"Nyemo," alisema, akiniita mimi.

"Abee, baba."

"Ma... mama yako..."

Akasimama. Nami nikasimama. Bodaboda akapunguza mwendo kutuuliza kama tunahitaji usafiri, nikamfukuza kwa mkono. Wa pili naye akaja, nikamfukuza vile vile. Nilikuwa na maneno chungu nzima ya kuweka pale, mama yako alipenda, mama yako alilia, mama yako angefurahi leo. Nikayameza yote, na yalikuwa makubwa.

"Mama yako... aliuza karanga," alisema baba, "pale mlangoni. Mchana ule... nilimsimulia. Nilikuwa... nataka kumposa." Akapumzika. "Akaniambia... ukimuua yule binti... posa... usilete kwetu."

Nikamtazama yule mzee. Basi Nyemo aliponea pale mlangoni, kwenye ungo wa karanga, na kwa kuwa yeye aliishi, mimi nikazaliwa nikapewa jina lake. Nilicheka, nikalia, nikamshika mkono, ule mbovu, nao ukanishika kidogo.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikanyamaza, maana mdomo wake ulikuwa unajiandaa tena.