Lugha ya Mjukuu Wangu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na baridi iliyonifanya nivae sweta mbili.

Naanza hivi kwa sababu ndivyo mwalimu wetu wa jioni alivyotuzoesha: kila ukurasa wa daftari uanze na tarehe na hali ya hewa, kwa lugha tunayojifunza. Wenzangu wanaiita kwa jina lake. Mimi naiita lugha ya mjukuu wangu. Binti yangu wa pekee aliolewa mbali, akazaa huko, na mtoto, ambaye sasa ana miaka sita, anazungumza lugha ya huko tu. Mama yake alijaribu kumfundisha yetu, lakini anasema akichoka na kazi ulimi nao huchoka. Simlaumu.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nina miaka hamsini na tisa, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo nimeipitisha mbele ya pasi kubwa ya mvuke, nikinyoosha mashuka ya wagonjwa. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo nikirudi nyumbani nabisha hodi kwa mazoea, nafungua mwenyewe, najikaribisha mwenyewe.

Jumapili binti hunipigia simu ya video. Nilipotaka kumtania mjukuu, kama ilivyo haki ya babu yeyote, utani ulilazimika kupitia kwa mama yake, na ulipofika upande wa pili ulikuwa umeshapoa. Mtoto alitazama pembeni, akanipungia mkono kwa kusukumwa. Mwaka jana binti akaniambia, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari: "Baba, siku hizi hataki kuja kwenye simu."

Nilipiga magoti nikamwambia Mungu: mke wangu ulimwita, sikunung'unika; huyu usimwache aende mbali zaidi ya hapo alipo. Wiki iliyofuata nikajiandikisha darasa la jioni.

Darasani tuko kumi na mmoja. Kila mmoja hupewa kishikwambi na hedifoni. Kishikwambi kinatamka sentensi, wewe unairudia. Ukiipatia, kinalia "ting" na kioo kinakuwa kijani. Ukikosea, nyekundu, unaanza upya. Alama za wote huonekana ukutani kwa projekta. Mtu akichungulia dirishani atadhani tumepagawa: watu kumi na mmoja wanaongea kwa nguvu, na hakuna anayeongea na mwenzake.

Nilikuwa wa kwanza ukutani kwa miezi mitano mfululizo. Programu yenyewe niliiweka pia kwenye simu yangu, nikawa nafanya mazoezi nikipika, nikifagia, nikisubiri maji yachemke. Sauti ya mwanamke ilisema, "Vizuri sana!" nami nikajibu, "Asante, mama." Hakukuwa na sauti nyingine ndani ya nyumba ile. Nakiri, kuna siku nilirudia somo nililokwisha kulijua, ili tu nisifiwe.

Wa mwisho ukutani alikuwa dereva wa lori, jirani yangu wa dawati. Jina lake lilikaa pale chini, jekundu, kama limeandikwa kwa rangi ya mafuta.

"Mzee," aliniambia siku moja akivua hedifoni, "hicho kishikwambi umekioa?"

"Bado. Nimepeleka posa tu."

"Usioe. Mke asiyenuna anatia shaka."

Mama muuza viatu, anayekaa nyuma yetu, alicheka mpaka mwalimu akatugeukia. Kisha kila mmoja akavaa hedifoni yake, na chumba kikarudi kuwa vile.

Jumapili iliyopita nikaona sasa wakati umefika. Binti alipopiga nikamwambia, "Leo usitafsiri. Mlete mtoto, wewe kaa jikoni." Akacheka, akamleta. Nilikuwa nimefua shati, nimesali, nimeyapitia masomo yote thelathini. Mtoto akaketi, akanitazama.

Nikasema kwa lugha yake, "Habari za leo. Mimi naendelea vizuri." Nikanyamaza. Nikasema, "Hali ya hewa ni nzuri." Nikanyamaza tena.

Aliongea haraka, maneno kama maji ya bomba lililopasuka. Alifungua mdomo, akaonyesha kitu kwa kidole. Sikushika hata neno moja. Nikachota sentensi iliyokuwa karibu: "Vizuri sana. Je, wewe unapenda matunda?"

Mtoto akaita jikoni. Mama yake akajibu kitu kifupi, kisha akaja, akaishika simu mwenyewe.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Aa, mambo ya watoto, baba."

"Mwanangu. Amesema nini?"

"Anauliza kama ni wewe kweli, au ni mashine. Shuleni kwao wana moja inayojibu hivyo hivyo. Usijali, baba. Na ameng'oka jino, ndilo alilokuwa anakuonyesha. La kwanza."

Ndipo nikaelewa kunyamaza kwangu. Kila nilipomaliza sentensi nilikuwa nasubiri ting. Mtoto alikuwa amekaa mbele yangu na jino lake la kwanza limeng'oka, na mimi nasubiri kengele.

Nilikula chakula baridi siku ile. Nilipopiga magoti, sala ilianza kutoka kama kawaida, na katikati nikashtuka. Miaka yote hii sijawahi kumwandalia Mungu sentensi. Naanza popote, najikwaa, narudia, nalia, naendelea. Nikajaribu kusali kwa lugha ya mjukuu wangu. Nilipata maneno saba: Baba, mimi peke yangu, nyumba kubwa, msaada. Yalikuwa mabaya, lakini sikusubiri kitu baada yake. Hata hivyo niliponyanyuka nilijua nimeshindwa. Kusema na Mungu ni rahisi, anajua lugha zote. Mtoto wa miaka sita anajua moja.

Siku tatu nilinyoosha mashuka bila kuongea na mtu. "Profesa leo kafunga shule," walinitania wenzangu dobini. Ndiyo ikaja Jumatano hii ya ukungu, na jioni nikawahi darasani kumwambia mwalimu kwamba naacha.

Mwalimu ni msichana wa umri wa binti yangu. Alikuwa anapanga vishikwambi juu ya madawati.

"Unaacha? Wewe?" Alielekeza kidole ukutani. "Baba, wewe ni wa kwanza!"

"Ndiyo sababu naacha," nikasema, nikamweleza yote: shati, matunda, jino, swali la mtoto. Nilidhani nanong'ona, kumbe wenzangu walikuwa wameshaingia. Nilipogeuka, kumi wote walikuwa wamesimama mlangoni na mifuko yao.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Kosa hili ni langu pia," akasema. "Kile chombo kinapima matamshi. Hakijui unaongea na nani. Niliona kijani chako, nikafurahi, sikukuuliza hata siku moja unataka kuongea na nani."

"Mimi ningewaambia zamani," akasema dereva, "ila nani anamsikiliza wa mwisho? Tazameni jina langu, nimeiva kama nyanya. Lakini nimevuka mipaka mingapi? Sijawahi kulala njaa ugenini. Mimi huanza na kosa. Mtu akicheka, tumeshafahamiana."

"Na asipocheka?" niliuliza.

"Nakosea zaidi."

Mama muuza viatu akasema, "Kule kwao saa hizi ni mchana, si ndiyo? Mtoto keshatoka shule. Mpigie."

"Sasa? Mbele yenu?"

"Kwani sisi ni nani? Sisi ndio tunaojua unavyoteseka."

Mwalimu akazima projekta, ukuta ukabaki mweupe. Sijui kama nilisali kwa maneno. Nilibonyeza tu.

Binti alipokea kabla haijalia mara mbili. "Baba! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nampigia mjukuu wangu."

"Baba, leo si Jumapili..."

"Mwite tu."

Alikuja akiburuta miguu, nikaisikia sakafuni. Akakaa, akatazama pembeni. Nilifungua mdomo na masomo yote thelathini yakanikimbia, hata lile la matunda. Nikasema kwa lugha yake, hivi hivi nilivyo:

"Jumapili, wewe sema jino. Mimi sijui. Mimi mjinga. Leo onyesha."

Akanigeukia. Alifikiri kidogo, kisha akasogeza mdomo karibu na simu mpaka sikuona kingine ila pengo.

"Oo," nikasema. "Mlango! Nyumba yako ina mlango. Panya ataingia."

Sikuwa na hakika na neno la panya. Alirudi nyuma, akanikazia macho, akasema neno lingine, polepole, kama anavyosema mwalimu. Nikalirudia. Akatikisa kichwa, akalisema tena. Nikalirudia vibaya zaidi, na dereva nyuma yangu akashindwa kujizuia.

"Nani huyo?" mtoto akauliza. Hilo nililishika!

Nikageuza simu. Wakampungia mikono, wakasimama kama watu wa picha ya harusi. "Hawa shule," nikasema. "Wakubwa. Wote hawajui. Mimi sijui zaidi."

Ndipo akacheka. Hakuwa anacheka kwa adabu. Aliita jikoni, na mara hii nilisikia neno lile wanalomwitia babu, likifuatwa na mengine ambayo sikuyaelewa, na sikumwomba mama yake anitafsirie.

Kisha akanirudia, akaongea kwa vipande, akinihesabia kwa vidole ili nifuate. Jumapili hapana. Jumapili anaogelea. Jumamosi. Mimi na yeye. Mama hapana.

Jumamosi huwa nina zamu mpaka saa saba. Nikamwonyesha vidole vinane: saa nane yetu ya mchana kwao ni asubuhi, nao huiita nane vilevile. Hakuridhika. Alikunja mikono kifuani na kusema neno moja, na mwalimu akaninong'oneza kwamba anataka niahidi.

Nikasimama. Watu kumi na mwalimu wao wakanitazama, na mjukuu wangu akanitazama, na nikasema kwa sauti, kwanza kwa lugha yake kwa jinsi nilivyoweza, kisha kwa yetu ili wote washuhudie:

"Jumamosi, saa nane, mimi babu yako nitakupigia. Sitakariri sentensi. Nikikosea, wewe cheka, nami nitaendelea kuongea."