Samaki wa Chongo na Karani

…na chumvi hapana, kitunguu ndiyo hapana kabisa, daktari wa mifugo alinionya kwamba kitunguu kinamdhuru paka taratibu na wewe huna habari, kwa hiyo maji tu, maji ya kuwafunika samaki na moto mdogo, na mimi nimesimama hapa jikoni na viatu vya kazini bado viko miguuni, mkoba bado uko begani, mkoba, hebu niuweke chini, nani anapika na mkoba begani, na kule sebuleni amekaa mume wangu ambaye sijamtia machoni miaka sita, anaongea, anaongea kupitia mlango ulio wazi kama mtu aliyetoka asubuhi kwenda kazini akarudi na habari za njiani, "barabara yote wameichimba, tumezungushwa weee mpaka nikasema leo sifiki," na mimi naitikia "ehee," sijui hata nimeitikia nini, mdomo umeitikia wenyewe, kama ulivyofanya pale kwenye ngazi… maana nilimkuta ngazini, nimepanda na mfuko wangu wa samaki, goti linalia, nikainua macho nikamwona amekalia begi lake mbele ya mlango wangu kama mzigo ulioletwa mwenyewe hayupo, akasimama, akajipangusa suruali, akasema, "Mama watoto, leo umechelewa," umechelewa! mimi ndiye niliyechelewa! na badala ya kucheka, badala ya kupiga kelele majirani watoke, nilisema nini mimi, nilisema, "Pole, supamaketi kulikuwa na watu," nikampa pole, nikatoa ufunguo, nikafungua, nikamwambia karibu, na sasa viatu vyake viko mlangoni pangu vimepangwa vizuri, amejifunza kupanga viatu, huko alikokuwa kuna mtu amemfunza.

Povu limeanza, hili la kijivu, liengue, kiko wapi kile kijiko chenye matundu… Chongo yuko miguuni tayari, anajisugua kwenye ndoo, jicho lake moja halibanduki kwenye sufuria, anaijua siku ya leo kuliko mimi, siku ya mwisho ya kazi kila wiki ndiyo siku yao, siku nyingine wanakula zile punje kavu kutoka kwenye gunia na wala hawalalamiki, lakini leo ni samaki, na samaki wenyewe ni wale wa stika ya njano, wa bei iliyoshushwa, wanaotakiwa kupikwa leo leo kwa sababu kesho wanatupwa, yule msichana wa meza ya samaki ananiwekea kando, viatu vyake vya mpira mpaka magotini na mikono imepauka kwa barafu, akiniona tu anainama chini ya meza, "Mama, wako hawa, wa mwisho, shemeji zangu hawajambo?" anawaita shemeji, amechagua mwenyewe undugu, anasema Chongo amemposa, nami nacheka kila wiki kichekesho kilekile, na leo pia nilicheka, si muda mrefu, nilikuwa nimechoka lakini nilicheka, nikapanda basi nikijiwazia jinsi watakavyokula, jinsi Karani, paka wa pili, anavyokula akiwa amefumba macho, nilikuwa na furaha ndogo ya kwangu mwenyewe mfukoni, halafu ngazi, halafu begi, halafu umechelewa.

"Harufu hiyo!" anasema huko sebuleni, na sauti yake imekuwa nyembamba, "hujasahau, mama watoto, hujasahau kabisa, mimi na samaki…" na mkono wangu umesimama na kijiko hewani, povu linadondoka kwenye jiko, ahaa, anadhani ni wake, mtu huyu amekaa kwenye kiti cha Karani anadhani hawa samaki ni wake, anadhani nilipita supamaketi nikachagua samaki kwa ajili ya mtu ambaye sikujua kama yuko hai, au labda anadhani wifi alinipa habari, na kweli alinipa, siwezi kusema hakunipa, alipiga simu juzi niko kazini, pembeni mashine inanguruma, mvuke mtupu, nasikia nusu nusu, "wifi, yule mwanamke amemtolea vitu nje, na presha imempanda, amekonda huyo, mpokee tu wifi, wewe una moyo, nyumba si yenu," nikasema "ehee," mashine inanguruma, nikasema "ehee, tutaongea," na nyumba yenyewe ya kupanga, mkataba una jina langu peke yangu, lake aliliondoa kwa miguu yake… nilidhani ni maneno tu ya wifi, wifi hupiga simu kila presha ya mtu inapopanda, sikudhani angemtuma na begi. Na kwa nini asingempokea yeye, ana vyumba vitatu, watoto wote wameoa na kuolewa, chumba cha wageni kina kitanda kimefunikwa nailoni tangu kinunuliwe.

"Chumvi weka kidogo tu," anasema, "daktari amenikataza chumvi, na mafuta, na vya kukaanga vyote, nachemshiwa tu siku hizi kama mtoto," na Mungu wangu, si ndivyo nilivyopika, nimepika chakula cha mgonjwa bila kujua, hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitunguu, nikichambua miba nikakamulia ndimu kidogo nikamwekea kwenye sahani yenye maua atakula atashiba atanishukuru, itakuwa rahisi, ndiyo, itakuwa rahisi mno, kuliko kufungua mdomo, kuliko kusimama kwenye ule mlango nimtazame shingo, maana nimeiona shingo yake, kola ya shati imekuwa kubwa inazunguka peke yake, na mikono ilipokuwa ikinipokea mfuko ilikuwa inatetemeka, nikaurudisha mfuko kwangu, nikaogopa ataudondosha, na nimemhurumia, nani hatamhurumia, sina jiwe mahali pa roho, huyu ndiye aliyekuwa akinishikia ncha za mashuka… ndiyo, nilikuwa nikirudi kutoka kukunja mashuka ya hospitali kutwa nzima nakuta ya kwangu yamekauka kwenye kamba, naye anashika ncha mbili mimi mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana, hatusemi neno, na alipoondoka jambo la kwanza lililonishinda halikuwa kitanda wala meza, lilikuwa shuka, nilisimama na shuka kubwa la watu wawili sijui nilifanyeje, nikalikunja kama furushi nikalitupa kabatini, wiki nyingi, mpaka nikajifunza, unabana ncha kwa kidevu, unanyoosha mikono, unaegemea ukuta, linatoka limenyooka kama la dukani.

"Huyu paka ananiangalia vibaya," anasema, anacheka kidogo, na namsikia Karani akiruka chini, vile anavyotua, pu, amekasirika, halafu huyu hapa anaingia jikoni na shingo yake nyeupe kama amevaa kola, ndiyo maana nikamwita Karani, hiyo kola na ule mtindo wake wa kukaa dirishani kama anasubiri watu walete malalamiko, na leo yeye ndiye mwenye malalamiko, ananiangalia, anaangalia mlango, ananiangalia, kwamba kuna mtu kwenye kiti changu, nami nasema "ni kiti chake," nasema kwa sauti ndogo, na kule anauliza, "Unasemaje?" na mimi nasema "hamna." Hamna. Neno langu hilo. Binti yangu alipokuwa mdogo alidhani ni jina la kitu, aliniuliza siku moja, mama, hamna ni nini, mbona baba akiuliza unasema hamna… na yeye nimempigia, nilijifungia chooni dakika mbili tu baada ya kumkaribisha baba yake, nikanong'ona kama mwizi nyumbani kwangu, nikasikia mtoto wake analia nyuma, akasema, "Mama, ukimpokea sitakulaumu, na usipompokea sitakulaumu," nikakasirika, nilitaka anilaumu, nilitaka mtu mmoja aseme fanya hivi, mimi nifanye, nilale.

Na anazo sababu za kulaumu, ana kovu tumboni, walimpasua kidole tumbo usiku umeingia, mimi niko kwenye benchi la nje na sare ya kazini kwa sababu hospitali ni ileile, nilitoka tu chumba cha kufulia nikapanda ghorofa, naushonea macho ule mlango wa chumba cha upasuaji, na simu ikalia, ni baba yake, "nakuja Jumamosi, mama watoto, basi zimejaa, Jumamosi niko hapo," na mtoto alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza ni leo ni siku gani, nikamwambia, akahesabu mpaka Jumamosi, akachana nywele Jumamosi, amelala na mrija mkononi anataka kioo, jioni akanipa kioo akasema kichukue, mama. Hakulia. Mimi ndiye niliyekwenda kulia kwenye mashuka machafu. Na hata hivyo baba yake aliponipigia wiki ya pili nilimwambia "haya, hamna shida," nilisema hamna shida! nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, nisingeweza kugombana hata na inzi, na wifi akasikia akawaambia watu, huyu mwanamke ana subira, huyu ana moyo wa pekee, mpaka jirani alinishika mkono akaniambia anatamani awe na subira kama yangu.

Samaki bado, nikiwachoma kwa uma nyama inashikilia mfupa, bado kidogo, moto uache hapohapo… "nitalala hapa hapa sebuleni kwanza," anasema, na sauti imeshuka, ya kubembeleza, ile ya zamani, naijua ile, "sitaki kukusumbua, nitajibana hapa kwenye kochi mpaka utakapozoea." Mpaka nitakapozoea. Amesema hivyo, nimesikia vizuri, maji yanachemka lakini nimesikia. Nitazoea, ndiyo, simo kwenye ubishi, mimi ni fundi wa kuzoea, nilizoea mvuke wa kazini mpaka sikuuhisi tena, nilizoea kulala katikati ya kitanda badala ya ukingoni na hilo lilinichukua muda kuliko mengine yote, na hata siku ile aliyoondoka, alikaa hapohapo sebuleni akaniambia kuna kazi mji mwingine, unaonaje, na mimi nilikuwa na beseni la maji ya moto miguu imo ndani, usingizi umenishika, nikasema nenda, wala sikufikiri, nilitaka tu anyamaze nilale… kwa hiyo alikwenda kwa ndiyo yangu ya uchovu, na akanidanganya Jumamosi nikamsamehe kwa uchovu, na leo amekuja na begi na nimemfungulia kwa uchovu, na sasa ukinitazama nimeshika kitasa cha kabati, sahani ya maua hiyo hapo mbele ya macho, nilikuwa naifuata, wallahi mkono ulikuwa unaifuata, hakuna aliyeutuma.

Subira. Ingekuwa subira ningeijua, mtu mwenye subira si anajua anasubiri nini, mimi sikuwa nasubiri kitu, nilikuwa nimechoka tu, na watu wakapita wakauona uchovu umekaa kimya wakaupa jina zuri, nami nikalivaa lile jina, lilikuwa zuri kweli, na nani alilifaidi, si mtoto aliyechana nywele, si mimi… na huyu mzee wa watu sebuleni hana ubaya mkubwa hata, simchukii, nikijipapasa moyoni chuki siipati, nilidhani nitaikuta imejaa, hamna, kuna huruma, na huruma naweza kuwa nayo akiwa kwa dada yake, naweza kumpelekea dawa zake huko, naweza kumsalimia wikiendi nikaondoka, huruma haina haja ya kulala kwenye kochi langu.

"Baba watoto," nasema. Ameacha kuongea. Nimeisikia sauti yangu, si kubwa, si ya ugomvi, ya kawaida kama ninapowaita wenzangu kazini toroli limejaa. "Hao samaki ni wa paka." Na anacheka, anacheka yule, anapiga paja, "Wewe! hujaacha mizaha yako!" na nakisubiri kicheko changu kije kimsindikize kama siku zote, maana nilikuwa namsindikiza, akicheka nacheka, hata kichekesho kikiwa ni mimi, nasubiri, na hakiji, midomo imetulia tu, na kule kicheko chake kinapungua, kinakwama, kinaisha peke yake. Kiti kinalia, amekaa vizuri au amesimama, sijui. "Mama watoto?" anasema. "Ni wa paka," nasema tena, "nawapikia kila wiki. Na sasa hivi nampigia dada yako aje akuchukue, utakula kwake, utalala kwake. Begi usilifungue." Nimekishika kitasa cha kabati na sikifungui, na maji yanatokota vilevile, mvuke unapanda kwenye dirisha, nachukua uma nawachoma tena, bado, nyama bado inashikilia, dakika chache nyingine, na kule sebuleni mtu anahema, na Chongo analia kwa hasira kwamba nimesahau kazi iliyonileta, na mimi nimesimama na uchovu wangu wote, mgongo, magoti, macho, haujapungua hata kidogo, lakini naujua sasa ni upi, ni wa kazi tu, ule unaoisha mtu akilala.